Anza na wiki, hoteli baadaye: kupanga safari ya skii kwenye Alps

Anayepanga safari ya skii, yaani kuteleza juu ya theluji kwa vibao virefu vya miguuni, kwa mara ya kwanza huanza na hoteli. Anaona picha ya nyumba ya mbao yenye theluji juu ya paa, anatuma arbuni, kisha ndipo anafungua kalenda. Pesa huanza kupotea hapo. Kwenye milima ya Alps chumba kilekile hubadilika bei kwa sababu tu Jumamosi moja imepishana na nyingine, na tofauti yenyewe si ya kununulia chai. Kazi ya kwanza ni kuchagua wiki, na wiki huchaguliwa kwa kuangalia likizo za shule za nchi tano au sita, hata kama wewe mwenyewe huna mtoto.

Tuchukue mfano mmoja tuubane: Zell am See na jirani yake Kaprun, katika jimbo la Salzburg, Austria. Panafikika kwa treni, pana shule za skii za kutosha, na pana akiba ya theluji ambayo miji mingi ya kimo chake haina.

Msimu wenyewe huanza kushika kasi katikati ya Desemba na kuishia karibu na Pasaka. Wiki ya Krismasi na ya Mwaka Mpya ni ghali, haina mjadala. Baada ya tarehe 6 Januari, sikukuu ya Mamajusi ambayo Waaustria hupumzika, watu hutoweka na bei hushuka. Wenyeji wanakiita kipindi hicho Jännerloch, yaani shimo la Januari, na hoteli zinakilalamikia. Shimo lao ndilo nafuu yako. Likifika Februari linafukiwa: majimbo ya Austria hufunga shule kwa zamu, wiki moja kila kundi, Waholanzi wana wiki yao, Bavaria hufunga wakati wa kanivali, Waingereza hushuka katikati ya mwezi. Ufaransa imegawa nchi katika kanda tatu, kila kanda na wiki zake mbili, kwa hiyo huko msongamano huanza mapema Februari na kumalizikia mapema Machi. Kuanzia hapo bei hupumua tena, isipokuwa Pasaka ikiwahi. Pasaka hutembea kati ya 22 Machi na 25 Aprili, basi iangalie kabla hujasema Machi ni rahisi.

Kwa Waislamu kuna hesabu nyingine. Ramadhani sasa imeingia kwenye kitovu cha msimu huu: mwaka 2026 ilianza katikati ya Februari, na mwaka 2027 inatarajiwa karibu na tarehe 8 Februari, kutegemea mwandamo wa mwezi. Shule ya skii inakutaka saa nne kwa siku, nguvu zote miguuni. Atakayefunga na aipange safari yake Januari.

Zinabaki nafasi mbili nzuri: kati ya tarehe 8 na mwisho wa Januari, au katikati ya Machi. Januari theluji ni kavu na siku ni fupi. Baridi nayo inauma, hasa ukiwa umekaa kwenye lifti ya viti na upepo unakupuliza usoni. Machi jua linawaka na unaweza kula nje, ila theluji hubadilika ndani ya siku moja: asubuhi ngumu na yenye utelezi kama kigae, mchana uji. Kwa watu wazima watupu, chagua Januari. Kama kuna mtoto wa miaka minne ambaye hajawahi kuona baridi, chagua Machi. Mtoto aliyeganda vidole siku ya kwanza hatavaa tena glavu wala mabuti wiki nzima, na mtamaliza likizo mkipokezana kukaa naye chumbani.

Wiki ikishapatikana, tazama kimo. Joto hushuka takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo mvua inayonyesha mjini mara nyingi ni theluji kileleni. Mji wa Zell am See uko mita 757 tu juu ya bahari, na mlima wake, Schmittenhöhe, unafika karibu mita 2,000. Linganisha na Val Thorens ya Ufaransa, ambako kijiji chenyewe kiko mita 2,300: unatoka mlangoni umeshakanyaga theluji. Waandaaji wa miji ya chini watakwambia wana mizinga ya theluji. Wanayo, na inafanya kazi vizuri, lakini mzinga hauleti baridi, unaihitaji. Hunyunyiza maji na hewa, na matone hayagandi mpaka kuwe na baridi ya kutosha, nyuzi kadhaa chini ya sifuri, au karibu na sifuri kama hewa ni kavu sana. Wiki ya joto ikija, mizinga inasimama kama mapambo.

Kinachoiokoa Zell am See ni Kitzsteinhorn, juu ya Kaprun: barafuto, yaani barafu isiyoyeyuka mwaka mzima, na lifti zake hufika mita 3,029. Ndilo eneo pekee la skii juu ya barafuto katika jimbo zima la Salzburg, na tangu mwishoni mwa 2019 magondola, yaani vibanda vinavyoning'inia kwenye kebo, yanaunganisha katikati ya Kaprun na huko juu. Kwa hiyo unalala chini kwa bei ya chini, na theluji ikikosekana unapanda. Hila hii ina kasoro mbili. Siku ambayo chini ni matope, kila mtu wa bonde lile ana wazo hilohilo, na foleni ya saa tatu na nusu asubuhi utaikumbuka. Uwe pale lifti zinapofunguliwa au nenda baada ya saa saba. Pili, upepo mkali ukivuma lifti za juu hufungwa zote, na barafuto haikusaidii kitu. Hakikisha pia tiketi unayonunua inahusu milima yote miwili, maana tiketi ya mlima mmoja huwa rahisi zaidi na ndiyo inayoshawishi macho.

Sasa rudi nyuma kutoka wiki uliyochagua. Malazi ya Januari hupatikana hata mwezi mmoja kabla. Ya Februari yatafute kiangazi kinachotangulia. Vyumba vingi hupangishwa Jumamosi hadi Jumamosi, na ndiyo maana barabara za milimani siku hiyo hujaa kama barabara ya kwenda Moshi mwishoni mwa Desemba. Ukipata mwenye nyumba anayekubali Jumapili hadi Jumapili, usimwachie. Muulize mambo matatu kwa maandishi: kituo cha basi la skii kiko hatua ngapi, kuna chumba cha kukaushia mabuti chenye joto, na kodi ya mgeni ya kila usiku imo kwenye bei au italipwa mlangoni. Tangazo linaloandika "dakika tano kutoka lifti" halisemi ni kwa gari au kwa miguu. Kutembea mita 600 kwa mabuti ya skii ukiwa umebeba skii begani na za mtoto mkononi ni adhabu.

Wenye pasipoti za Afrika Mashariki waongeze viza kwenye hesabu. Ombi la Schengen hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na lisikawie kupita siku 15 kabla. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, mtoto wa miaka 6 hadi 11 euro 45. Kwa kawaida uamuzi huchukua siku 15, lakini sheria inaruhusu hadi 45, na miadi ya kupeleka karatasi nayo ina foleni yake. Ombi hupelekwa kwa nchi utakayolala siku nyingi zaidi: ukitua Munich lakini wiki nzima ukalala Zell am See, viza yako ni ya Austria, si ya Ujerumani. Ukiishi Dubai, Muscat au London kwa kibali halali, omba hukohuko unakoishi.

Usafiri ni mfupi kueleza. Treni kutoka Salzburg hadi Zell am See huchukua saa moja na nusu hivi na inakushusha mjini kabisa. Gari la kukodi ni raha mpaka theluji ianze kuanguka: Austria inadai matairi ya majira ya baridi kuanzia 1 Novemba hadi 15 Aprili barabara zikiwa na theluji au barafu, na barabara kuu zinahitaji kibali cha kulipia. Kwenye milima ya Ufaransa, maeneo yaliyotajwa na sheria yanataka matairi hayo au minyororo kuanzia 1 Novemba hadi 31 Machi. Ukichukua gari uwanja wa ndege, usiulize "lina matairi mazuri?" Inama ulitazame tairi ubavuni: alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake ndiyo unayoitafuta.

Tiketi za lifti ndizo zinazokula bajeti. Maeneo makubwa ya Austria yameshapita euro 70 kwa siku kwa mtu mzima, na tiketi ya siku sita inakaribia 400. Asiyejua kabisa asiinunue siku ya kwanza. Siku mbili au tatu za mwanzo utakuwa kwenye uwanja wa mazoezi, unapandishwa na mkanda unaotembea chini kama ule wa mizigo uwanja wa ndege, na sehemu nyingi uwanja huo una tiketi yake ya bei ndogo au haulipiwi kabisa. Iulize shule ya skii kabla ya kulipa, kwa sababu mwalimu ndiye anayejua siku gani atawatoa pale. Tiketi yenyewe ni kadi yenye chipu. Iweke mfuko wa kushoto wa koti, peke yake, mbali na simu, maana geti husoma upande huo na simu huizuia. Utawaona watu wamegandamiza nyonga kwenye geti huku nyuma yao watu thelathini wanasubiri.

Masomo ya kikundi kwa kawaida huanza Jumapili au Jumatatu, saa nne kamili asubuhi. Ukikosa siku ya kwanza hutalikuta kundi lako mahali ulipoliacha, maana siku ya pili wenzako wanajua kusimama na wewe hujui kuvaa. Kama unaweza kupata saa mbili za mazoezi kabla ya safari, zitafute. Kwa walio Ghuba, Ski Dubai iko ndani ya jumba la maduka tangu 2005, na mteremko wake mrefu ni mita 400: mfupi, lakini unatosha kujifunza kuvaa, kuanguka, kuinuka na kupanga skii umbo la pembetatu ili usimame. Hayo manne ndiyo yanayokula siku nzima ya kwanza ya wiki uliyoilipia ghali.

Sasa mabuti. Hapa usiwe na haraka, kwa sababu asilimia kubwa ya machozi ya wiki ya kwanza hutoka miguuni.

Yakodi Jumamosi jioni au Jumapili alasiri, usisubiri Jumatatu saa tatu wakati kila mtu yuko dukani. Nenda na soksi za skii, moja kila mguu, nyembamba na ndefu hadi chini ya goti. Soksi mbili hazileti joto: zinakunjana, zinabana damu, na mguu usiopata damu ndio unaoganda. Suruali ya ndani ikomee juu ya buti, isiingie. Namba za mabuti ni urefu wa mguu kwa sentimita, 26.5 kwa mfano, kwa hiyo acha upimwe, usitaje namba ya kiatu chako. Ingiza mguu, gonga kisigino sakafuni mara mbili tatu ili kirudi nyuma, funga kwanza bakoli (bizimu) ya kifundo, kisha za juu, halafu za chini kwa ulegevu. Simama wima: vidole viguse mbele kidogo. Sasa piga magoti, usukume ugoko mbele: vidole vijitoe, kisigino kisinyanyuke hata kidogo. Kaa nayo dakika kumi ukitembeatembea dukani. Maumivu ya nukta moja, kwenye fundo au kwenye mfupa wa pembeni, hayaponi mlimani, badilisha. Kubanwa kote kwa usawa ni kawaida na hulegea.

Kosa la wengi ni kuchagua buti kubwa kwa sababu linahisi kama raba. Mlimani kisigino kinacheza, unakaza bakoli, damu inasimama, miguu inakufa ganzi, na ugoko unachubuka kwa kugongwa na ulimi wa buti siku nzima. Jioni utalaumu duka.

Fundi atakuuliza uzito, urefu, umri na kiwango chako. Sema kweli. Kwa namba hizo na urefu wa soli ya buti, anaweka vifungio, vile vinavyoshika buti kwenye skii, viachie mguu kwa nguvu fulani ukianguka. Mwanaume anayejitangaza mzoefu ili asidharauliwe hukaziwa vifungio, na siku akianguka polepole skii haiachii, inageuka na goti lake. Anayepunguza kilo zake naye skii humvuka bila sababu katikati ya mteremko. Urefu wa skii wenyewe usikuhangaishe: kwa anayeanza, kati ya kifua na kidevu.

Mavazi yanahitaji maneno machache. Pamba iache nyumbani: hunyonya jasho na kukaa nalo, ukipanda lifti linakugandia mgongoni. Ndani vaa sufu nyembamba au nailoni ya michezo, katikati koti jepesi la manyoya ya bandia, juu koti na suruali visivyopitisha maji. Glavu za kidole kimoja, gumba peke yake na vidole vinne pamoja, hupasha joto kuliko za vidole vitano. Miwani nunua ya daraja la 2 kama utanunua moja tu, kwa kuwa siku ya mawingu ndiyo mtu huona vibaya, mashimo na matuta yote yanakuwa meupe. Na mafuta ya jua ni lazima kwa kila rangi ya ngozi: miale huongezeka takriban asilimia 10 kila mita 1,000, na theluji mpya inarudisha usoni hadi asilimia 80 ya ile iliyokosa kukupata kutoka juu. Ngozi nyeusi nayo inaungua, hasa chini ya pua na kidevuni. Jambo ambalo vitabu vya wageni havisemi: rasta nene na mafundo makubwa hayaingii kwenye helmeti. Suka twende kilioni kabla ya kuondoka. Wanaojifunika watapata raha zaidi na hijabu nyembamba ya michezo, isiyo na pini wala fundo nyuma.

Helmeti si mapambo. Italia imeifanya lazima kwa kila mtu kuanzia Novemba 2025. Kabla yake ilikuwa kwa walio chini ya miaka 18. Nchi hiyohiyo, tangu Januari 2022, inamdai kila mchezaji bima ya madhara atakayomsababishia mwingine, na polisi wa milimani wanauliza.

Kwenye bima watu wengi huingia mkenge. Ile ya viza, ya euro 30,000, inakidhi ubalozi, lakini soma orodha ya yasiyolipwa: michezo ya majira ya baridi mara nyingi imo humo. Tafuta mambo manne kwa majina yake: skii imetajwa, uokoaji mlimani pamoja na helikopta, madhara kwa mtu wa tatu, na kurudishwa nyumbani. Kadi ya afya ya Umoja wa Ulaya hailipi helikopta ya mlimani, na bili yake ni maelfu ya euro. Kama sera inasema haihusu nje ya njia zilizowekwa alama, chukulia kwamba hata njia ya mkato ya mita 50 katikati ya miti ni nje. Zaidi ya bili, huko nje ndiko kwenye maporomoko ya theluji. Kipimo cha Ulaya kina ngazi 1 hadi 5, na ngazi ya 3 ndiyo inayoua wengi, kwa kuwa neno lake halitishi na siku zake huwa na jua zuri. Namba ya waokoaji wa milima Austria ni 140. 112 hufanya kazi Ulaya nzima.

Siku kumi kabla, anza kusoma taarifa ya theluji, lakini usome kwa akili. "Sentimita 120" ni kileleni. Tafuta namba ya chini na tarehe ya theluji ya mwisho kuanguka. Angalia kama njia ya kushukia mjini imefunguliwa. Kisha fungua kamera za mlimani saa mbili asubuhi: zinaonyesha nyasi bila aibu.

Siku ya tatu au ya nne mapaja hugoma. Panga kabisa Jumatano iwe nusu siku, na uiweke kwenye bajeti kama bwawa la maji ya moto au matembezi ya Zell kando ya ziwa. Ajali nyingi za wanaoanza hutokea alasiri, miguu imechoka, njia imechimbika na kila mtu anashuka kwa pamoja kabla lifti hazijafungwa, saa kumi na kitu jioni. Njia ya mwisho kuelekea mjini ndiyo mbaya kuliko zote kwa saa hiyo, hata kama imepakwa rangi ya bluu, ya njia rahisi, kwenye ramani. Ikifika saa tisa na nusu, vua skii, ingia kwenye gondola ushuke nayo. Tiketi ni ileile.